Mia ya TARURA: nani alipie barabara za mitaa ya mjini?

Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu iliwaka moto Tanzania nzima, mitandaoni na vijiweni, mpaka serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Bajeti hiyohiyo ilibeba tozo nyingine iliyopita bila kelele nyingi: Sh100 juu ya kila lita ya petroli na dizeli. Tozo ya mafuta ikapanda kutoka Sh313 hadi Sh413 kwa lita, na mia yote ikaelekezwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza Julai 2017. Bajeti ya TARURA ikaongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ukijiuliza kwa nini Hazina inaipenda tozo ya mafuta, jibu ni hilo. Imejificha ndani ya bei. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, tunaguna, tunajaza, tunaondoka.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na sidhani inafaa kuzipuuza. Mafuta yanaingia nchini kwa bandari tatu tu, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na waagizaji wanahesabika. Kuikwepa tozo hii ni kazi kweli. Linganisha na ile leseni ya magari ya kila mwaka iliyofutwa mwaka 2017, ambayo deni lake lilizidi kukua hata kwa gari lililokufa na kusimamishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Serikali iliiondoa na kufidia kwa kuongeza Sh40 ya ushuru kwenye kila lita ya mafuta. Mwenye gari la mawe akapumua, na anayezunguka mjini kutwa nzima akalipa zaidi. Hiyo ni haki ya aina yake.

Ila ile Sh40 iliwekwa pia kwenye mafuta ya taa, ili bei zisipishane sana na watu wasirudi kuchakachua dizeli. Sababu naielewa. Lakini bibi wa Namtumbo anayewasha koroboi, ambaye hana hata baiskeli, alijikuta anachangia leseni ya gari la mtu wa Mikocheni.

Msemo unaorudiwa kila bajeti ni kwamba "anayetumia barabara ndiye anayelipa". Ni kweli nusu. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yaliwafundisha wahandisi jambo ambalo hadi leo linaongoza hesabu zao: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, lami inaumia kama mara 16 zaidi. Matumizi ya mafuta hayapandi hivyo hata kidogo. Lori linakunywa dizeli mara kadhaa ya gari dogo, lakini uharibifu wake ni wa maelfu ya magari madogo. Maana yake bodaboda anayejaza lita tatu na kuacha, kwa kiwango kile cha 2021, Sh1,239 za tozo pale kituoni anamlipia mwenye lori sehemu ya bili yake.

Kwenye barabara kuu angalau ipo mizani. Mtaani hakuna. Simama Goba au Kinyerezi asubuhi mapema uone tipa za mchanga zinavyopanda kuelekea kwenye viwanja vinavyojengwa. Mchanga bado mbichi, maji yanachuruzika njia nzima, na ukingo wa lami unameguka kila tairi la nyuma linapokanyaga nje kumpisha bajaji. Mvua za masika zikifika, maji yanaingia kwenye ule mmeguko, na mwezi wa tano shimo limeshakula nusu ya njia. Hapo vijana wa mtaa wanatokea na koleo na toroli la kifusi, wanajaza, kisha wanasimama katikati kuomba hela ya soda. Tozo nyingine hiyo, isiyo na risiti, ingawa lazima nikiri kwamba hii nayo unaona ilikokwenda.

Twende kwenye mgao. Kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo hii ya mafuta, zimegawanywa asilimia 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na 30 kwa barabara za wilaya na mitaa, ambazo sasa ni za TARURA. TANROADS ina mtandao wa zaidi ya kilomita 36,000. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000. Ukiishia kwenye kilomita, utasema TARURA imeonewa, na wabunge wamelisema hilo bungeni mara nyingi. Lakini kilomita hazilingani. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma inabeba shaba, mbolea na mafuta ya nchi jirani, na ikikatika kwa siku moja hasara inasikika hadi Lubumbashi. Kuipunguzia fedha ili kuziba mashimo ya Tabata ni uamuzi ambao hakuna waziri mwenye akili timamu atausaini. Kwa mtazamo wangu, ile mia ya 2021 ilikuwa njia ya kuukimbia ugomvi huo: 70 kwa 30 ibaki ilivyo, mwenye gari aongezewe mzigo.

Na hata ndani ya TARURA mji una mshindani, tena mwenye haki. Mwaka 2021/22 kila jimbo lilipewa Sh milioni 500 za barabara. Kwa jimbo la vijijini, fedha hiyo inafungua njia ya changarawe, inaweka makalavati, na kijiji kilichokuwa kisiwa kila masika kinapitika. Kwa jimbo la Dar es Salaam lenye watu mamia ya maelfu, ukianza kujenga lami yenye mitaro pande zote mbili, hiyo milioni 500 haifiki mbali. Mkazi wa Mbagala atakwambia mafuta mengi yananunuliwa Dar, sasa kwa nini fedha zisibaki Dar? Mkulima wa Kasulu atamjibu kwamba mahindi anayokula yalisafiri juu ya barabara. Mimi niko na mkulima hapo. Tozo ya taifa ikianza kurudishwa kila mji kwa kadiri ya lita ilizouza, basi Kigoma na Lindi wasahau barabara.

Kuna hatari nyingine, na Kenya imeionyesha waziwazi. Julai 2024 tozo yao ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 za Kenya kwa lita. Magavana na wabunge wakavutana juu ya Sh bilioni 10.5 zilizotarajiwa kwenda kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 inazikabidhi kaunti barabara zao, huku fedha zikipitia mashirika ya serikali kuu kama KURA la barabara za mijini na KeRRA la vijijini. Wakati mvutano ukiendelea, Sh7 kati ya zile 25 ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya wakandarasi, mpango wa Sh bilioni 175. Fedha ya kuziba mashimo ya kesho inalipa lami ya jana. Hapa kwetu kishawishi ni kilekile. Mradi wa DMDP wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga lami nzuri Kinondoni, Ilala na Temeke. Lami hiyo sasa inadai kusafishiwa mitaro na kuzibwa nyufa, kazi zisizo na utepe wa kukata, na kila mwaka zinagombania mfuko uleule na barabara mpya.

Halafu chanzo chenyewe kinaanza kukauka pembeni. Bajaji na teksi nyingi za Dar zimehamia gesi, na foleni za vituo vya kujazia zinajieleza zenyewe. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza tozo ya Sh382 kwa kilo ya gesi ya magari, na malalamiko yakaanza palepale: mtu katumia mamilioni kufunga mtungi, hajarudisha hata nusu, umeshamfuata? Nawaelewa. Lakini bajaji ya gesi inapita kwenye lami ileile.

Kwa hiyo mimi ningeiacha tozo ya mafuta ifanye kazi inayoiweza: barabara kuu, barabara za vijijini, na zile za mjini zinazopitisha daladala. Mitaa ya ndani, ile inayoishia kwenye mageti yetu, ningeitafutia fedha kwenye kodi ya majengo. Lami ikifika Goba, kiwanja kinapanda bei wiki hiyohiyo, na anayefaidi ni mwenye kiwanja, hata kama hana gari. Mwenye tipa naye alipie kupitia kibali cha ujenzi, kiasi kinacholingana na tripu za mchanga na kokoto.

Najua kasoro zake. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Nyumba isiyo ya ghorofa ya Masaki inalipa sawa na ya Mbagala, jambo ambalo halina utetezi wowote. Na kazi ya kuikusanya halmashauri zilipokonywa mwaka 2016, ikapewa TRA, mamlaka ya mapato, kwa madai kwamba zinakusanya kidogo. Wakati ule madai hayo yalikuwa na uzito. Leo mita inakata yenyewe, bila ofisa kubisha hodi kwa mtu, kwa hiyo udhaifu wa halmashauri katika kukusanya si sababu tena ya kuzinyima fedha hiyo. Swali lililobaki ni kama zitaitumia mtaani, na hilo linapimika: orodha ya mitaa na kiasi cha kila mmoja ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kabla masika hayajaanza.