Kusoma baiti kwa lugha ya kifankisheni: faida iko wapi, gharama iko wapi?

Gari la watalii linalotoka Arusha kwenda Serengeti, likiwa limefungwa kifaa cha GPS, linatuma baiti mfululizo (baiti moja ni biti nane, yaani namba kati ya 0 na 255): namba ya kifaa, saa, longitudo, latitudo, kimo, mwendo. Kwenye seva lazima iwepo programu ya kuzifumbua. Tunaoandika programu hizo tuna ubishi wa siku nyingi. Kuna wanaoshikilia kwamba lugha za kifankisheni, yaani zinazojenga programu kwa fankisheni kama za hisabati, mfano Haskell, Erlang na Elixir, ni za wanahisabati, na kazi ya baiti iachiwe C au Java. Nami nasema kwamba kwa kusoma pakiti, yaani mafungu ya baiti yanayotumwa na kifaa, lugha hizo ndizo zinazofaa kuliko zote. Hata hivyo, wanaozikataa wana hoja ambazo si za kupuuzwa.

Tuanze na kimo. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kina mita 5,895. Kwa baiti mbili, hiyo ni 23 na 7, yaani 23 mara 256, jumlisha 7. Programu ikizisoma kinyume, inapata 1,815. Mtu aliyezidiwa kileleni ataonekana kwenye skrini kama yuko chini, kwenye kimo cha mageti ya kuanzia kupanda, na hakuna atakayeshtuka, kwa sababu 1,815 ni namba inayoaminika kabisa. Latitudo ni afadhali. Arusha iko kama nyuzi -3.37, vifaa vingi huizidisha kwa milioni 10 na kuipakia kwenye biti 32. Ukisahau kwamba namba ni hasi, unapata nyuzi 426, na kwa kuwa latitudo haivuki 90, kosa linajulikana siku hiyohiyo. Linaloniogopesha ni lile la kimo.

Kwenye Java kuna mtego mwingine. Baiti ya Java inaanzia -128 na kuishia 127. Mita 1,400, karibu na kimo cha Arusha mjini, ni baiti 5 na 120, kwa hiyo majaribio ya ofisini yanapita. Gari likipanda hadi mita 1,500, baiti ya pili inakuwa 220, Java inaisoma kama -36, na usipoigeuza kwanza iwe namba chanya kabla ya kuziunganisha baiti mbili, unapata kimo cha mita -36, chini ya usawa wa bahari. Dawa yake inajulikana, lakini lazima ikumbukwe kila mahali baiti inaposomwa, na mtu huchoka.

Erlang ilizaliwa Ericsson, Sweden, miaka ya 1980, kwa ajili ya mitambo ya simu, na mwaka 1998 msimbo wake ukawa huria, wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo si lugha iliyotoka darasani ikalazimishwa kufanya kazi ya baiti. Imekulia kwenye pakiti. Ndani yake unaandika umbo la data kama lilivyo kwenye karatasi ya maelezo ya kifaa:

<<Urefu:16, Mwili:Urefu/binary, Baki/binary>>

Maana yake: chukua biti 16 uziite Urefu, kisha chukua baiti kwa idadi ya huo Urefu uziite Mwili, zilizosalia ni Baki. Mtandao ukikatika njiani na pakiti ikafika nusu, umbo halilingani, basi programu inangoja baiti nyingine. Hakuna kuhesabu nafasi kwa mkono. Anayekagua kazi yako anaweka karatasi ya kiwanda pembeni na kulinganisha mstari kwa mstari. Elixir, iliyobuniwa na José Valim, inaendeshwa na mashine ileile ya Erlang, yaani programu inayoziendesha lugha hizo, na ina uwezo huohuo.

Hata hivyo Erlang ina udhaifu ambao mashabiki wake hawautaji sana. Usiposema lolote, inachukulia kwamba baiti kubwa iko mbele na kwamba namba si hasi. Ukipata kifaa kinachotanguliza baiti ndogo, programu itakupa ile 1,815 bila kulalamika. Hapo naipa Haskell alama: kwenye maktaba yake ya binary, fankisheni ya kusoma biti 16 inakulazimisha kuchagua mpangilio kwa jina lake lenyewe, getWord16be au getWord16le. Huwezi kusahau kuchagua.

Sasa gharama. Kwenye lugha hizi kitu kikishaundwa hakibadilishwi, na anayeanza huangukia kwenye orodha. Maandishi ya kawaida ya Haskell ni orodha ya herufi, na kwenye mashine ya biti 64 kila herufi inakula baiti 24 au zaidi. Faili la megabaiti 10 linageuka megabaiti 240. Tiba ni ByteString, inayopanga baiti zikifuatana, lakini lazima kwanza ujue kwamba ipo. Erlang nayo, ukikata kipande cha baiti mia moja kutoka faili hilo na kukihifadhi, kipande hicho kinalishikilia faili zima kwenye kumbukumbu. Seva inavimba taratibu na chanzo hukioni. Dawa ni binary:copy, neno moja tu, ila wengi hulifahamu baada ya seva kuanguka.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni watu. Kijana anayejua Java, PHP au Python utampata Arusha au Moshi wiki hii. Wa Erlang itabidi umfundishe mwenyewe. Mwenye ofisi ya watu watatu ana haki ya kuuliza nani ataitunza programu mwandishi wake akihama. Kwangu mimi jibu ni kuibana kazi: Erlang ipokee pakiti, izifumbue na kuziweka kwenye hifadhidata, na ripoti, ankara na ramani zibaki kwenye lugha ambayo ofisi nzima inaijua. Picha za droni au za satelaiti singezipeleka huko kabisa. Kupitia mamilioni ya pikseli na kuzibadilisha palepale ni kazi ya C au Rust.

Inabaki namba ya uhakiki, inayoonyesha kama baiti zimefika bila kuharibika. Vifaa vingi hutumia aina yake ya biti 16, CRC-16, wakati Erlang inakuja na ya biti 32, CRC-32, peke yake, hivyo CRC-16 unaiandika mwenyewe. Wapo wanaokimbilia kuiandika kwa C na kuipachika ndani ya mashine ya Erlang. Mimi singeanza hivyo, kwa sababu kosa moja kwenye C hiyo linaangusha seva nzima, na magari yote yanapotea kwenye ramani kwa pamoja. Kwa pakiti za baiti mia chache, jedwali la namba 256 lililoandikwa kwa Erlang yenyewe linatosha. C ingoje hadi vipimo vionyeshe kwamba hapo ndipo seva inapochelewa.