Mizizi au homoni: nani anamsikiliza mwanamke anayekoma hedhi?

Hapa Dodoma, pita soko la Majengo, au zunguka mabanda ya Nanenane pale Nzuguni mwezi wa nane, utawakuta wauza dawa za asili na bidhaa zao: maji ya mizizi kwenye chupa, unga wa mlonge, magome yaliyofungwa kwa kamba, na siku hizi makopo ya vidonge vya mimea yenye lebo za kung'aa. Mwambie mmoja wao kwamba mama yako ana miaka 50, hedhi imeanza kuruka miezi, na usiku anaamka shuka limelowa jasho. Jibu analo tayari: ni mvurugiko wa homoni, na dawa ipo. Mpeleke mama huyohuyo zahanati na maelezo hayohayo. Mara nyingi atapimwa malaria na presha, ataambiwa majibu ni mazuri, kisha atarudi nyumbani na panado.

Kwa hiyo swali la mitishamba dhidi ya homoni huku kwetu haliulizwi kwenye meza yenye vitu vyote viwili. Mwanamke wa Chamwino au Mpwapwa hakukaa akalinganisha plasta ya estrojeni (homoni ya kike inayobandikwa kwenye ngozi kama tiba) na unga wa mizizi, akachagua mizizi. Plasta hajawahi kuisikia. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anasoma nini: kwa ushahidi, homoni ziko mbele sana. Kwa kumsikiliza mgonjwa, muuza mizizi yuko mbele, na hilo la pili ndilo linalouza mizizi.

Kwanza mwili wenyewe. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutengeneza estrojeni, na sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo tu la joto, na mwili unafungua jasho kana kwamba umekimbia. Hilo ndilo fukuto. Pamoja nalo huja kukosa usingizi, hasira za ghafla, maumivu ya viungo, ukavu ukeni, na kimyakimya mifupa huanza kupungua uimara. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi na kutoa matokeo yake 2015 ulikuta kwamba kwa nusu yao fukuto na jasho la usiku vilidumu zaidi ya miaka saba. Miaka saba si jambo la kumwambia mtu "vumilia, litapita". Na Dodoma ina mambo yake. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, kila mtu analalamika joto, na mama anayeungua kutoka ndani anaonekana ana shida ileile ya jirani. Julai upepo baridi unapopiga, anayelowa jasho saa nane za usiku anabaki akitetemeka, na maji ya kufulia shuka yanatoka kwa mgao.

Sasa hoja za upande wa mitishamba. Nitaziweka kwa nguvu zake zote, maana wanaozidharau hawajazisikiliza.

Hoja ya kwanza: mimea imetibu kweli. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo ina kiini kilichotokana na mmea wa Artemisia, na mwanasayansi wa China aliyekigundua, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel 2015. Muhimbili walianza utafiti wa tiba asili 1974 na sasa wana taasisi kamili ya kazi hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na baraza la kusajili waganga na dawa zao. Huwezi kuiita fani hiyo upuuzi kwa neno moja.

Hoja ya pili ni ya ukaribu. Mzizi upo, na anayeuuza ni jirani au shangazi wa mtu unayemjua. Homoni usitarajie kuzikuta kwenye duka la dawa muhimu kijijini. Ukizitaka utaanza safari ya hospitali kubwa mjini, umwone daktari wa wanawake, urudi tena kwa ufuatiliaji.

Hoja ya tatu ni hofu ya saratani, na hapa panahitaji muda. Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha sehemu yake moja kabla ya wakati. Wanawake 16,608 walikuwa wamegawanywa, wengine wakipewa estrojeni pamoja na projestini (homoni ya maabara inayofanya kazi kama projesteroni ya mwili), wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa homoni walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo na damu kuganda. Habari ikazunguka dunia, madaktari wengi wakaacha kuandika homoni, na hofu hiyo ipo mpaka leo, hata kwa wauguzi ambao hawajausoma utafiti wenyewe.

Ukiusoma, unakuta mambo mawili ambayo vichwa vya habari viliyaacha. Ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa wanawake 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka. Na wastani wa umri wa waliofanyiwa utafiti ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani, wakati mwanamke anayesumbuliwa na fukuto kwa kawaida ni wa miaka 48 au 52. Data hizo zilipochambuliwa upya kwa umri, picha ilibadilika: kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi cha kiafya, faida kwa kawaida huzidi madhara. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa inaondoa onyo kali lililokuwa limebandikwa kwenye dawa hizo kwa zaidi ya miaka 20.

Hata hivyo sitaki kumwambia mtu kwamba hatari imekwisha. Uchambuzi mkubwa uliotolewa 2019 ulikadiria kwamba katika kila wanawake 50 wanaotumia estrojeni na projestini kila siku kwa miaka mitano kuanzia umri wa miaka 50, mmoja zaidi atapata saratani ya matiti kabla ya kufika 70. Mmoja kati ya 50 ni mtu, ana jina na watoto. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa na damu ambayo chanzo chake hakijajulikana, hao kwa kawaida hawapewi homoni za vidonge wala plasta. Na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, kwa sababu inachochea ukuta wa kizazi na kuongeza hatari ya saratani humo. Lazima iandamane na projesteroni. Hayo ni masharti ya kweli, na yanahitaji daktari aliye karibu, si wa kuonana naye mara moja kwa mwaka.

Twende kwenye mizizi kwa kipimo hichohicho. Mmoja wa mimea iliyochunguzwa zaidi kwa fukuto duniani ni kohoshi nyeusi (black cohosh) ya Amerika ya Kaskazini. Uchambuzi wa 2012 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, ulikusanya majaribio 16 yenye wanawake 2,027, na haukupata ushahidi wa kutosha kwamba inafanya kazi. Mwaka uliofuata walichambua majaribio 43 ya soya na mimea mingine yenye viini vinavyofanana na estrojeni. Kwa jumla hawakupata jibu la uhakika, ingawa jenisteini, kiini kimoja cha soya kilichokolezwa, ilionyesha dalili za kusaidia kidogo. Hiyo ni mimea iliyotumiwa fedha nyingi za utafiti. Mlonge wetu ni mboga nzuri kabisa yenye lishe, lakini kuuita dawa ya fukuto ni kudai jambo ambalo hakuna jaribio kubwa la kulibeba.

Mbona basi mama wa jirani anaapa kwamba umemsaidia? Hasemi uongo. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa 2004, ulikuta homoni zinapunguza idadi ya mafukuto kwa takriban asilimia 75 zaidi ya kidonge kitupu. Lakini hata wanawake waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa yoyote, mafukuto yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Kuangaliwa na mtu, kupewa kitu cha kutumia, kuamini kwamba tatizo lina jina, pamoja na muda wenyewe kupita, vinapunguza mateso ya mwanamke kwa kiasi ambacho dawa nyingi zingejivunia. Ushuhuda wa jirani ni wa kweli kuhusu nafuu aliyoipata. Kuhusu kilichomo kwenye chupa hautuambii chochote.

Na wanaosema "homoni ni kemikali, mizizi ni asili" wajue vidonge vya estrojeni vilivyotumika katika utafiti ule wa 2002 vilitengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba. Projesteroni nayo, miaka ya 1940 huko Meksiko, ilianza kutengenezwa kwa wingi kutoka kwenye jamii ya viazi vikuu vya mwituni. Chanzo cha asili kipo pande zote mbili. Kilichozitofautisha ni kwamba mtu alipima miligramu. Mwili wa binadamu hauwezi kugeuza kiini cha kiazi kikuu kuwa projesteroni, kazi hiyo hufanyika maabara, kwa hiyo anayekuuzia krimu ya kiazi kikuu kwa jina la homoni asilia anakuuzia krimu tu.

Upimaji ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwenye zile chupa. Mzizi mmoja uliochimbwa Bahi wakati wa kiangazi na mwingine uliochimbwa Kondoa baada ya mvua si lazima viwe na nguvu sawa. Mchanganyiko wa mizizi saba hauna karatasi inayoeleza nini kitatokea ukikutana na dawa ya kisukari, ya presha au ARV, na wanawake wa umri huu ndio wanaozimeza. Kujaribu chai ya mchaichai jioni hakuna shida. Kunde, choroko, ufuta na karanga za kwetu ni chakula chema kwa mwili unaobadilika, hata bila kuviita dawa. Nguo nyepesi, kupunguza pombe na kutafuta kinachochochea fukuto lako husaidia wengi wenye dalili nyepesi, na zipo pia dawa zisizo za homoni kwa wale ambao homoni zimekatazwa kwao. Chupa isiyo na lebo, hapana.

Lipo pia hili: jasho la usiku linaweza kuwa kifua kikuu au tezi ya shingo. Damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi inaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe. Mama akiambiwa ni mvurugiko wa homoni na kupewa "dawa ya kusafisha kizazi", miezi inapotea, na katika saratani miezi hiyo ni uhai. Hapa simung'unyi maneno: damu ya namna hiyo ni ya hospitali, wiki hiyohiyo.

Lakini hospitali nayo imeliacha pengo. Fikiria daktari wa miaka 27, ameripoti kituoni juzi. Anaingia mama wa umri wa mama yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nina joto na silali." Kijana huyo atamuulizaje kuhusu ukavu na maumivu ya tendo la ndoa? Na mama atamjibuje? Wote wawili wanakimbilia kipimo cha malaria, ambacho hakina aibu. Nje ya geti yupo mama mtu mzima mwenye meza ya mizizi, anayeuliza mambo hayohayo bila kupepesa macho, na ana muda wote wa alasiri. Tukitaka wanawake waache chupa zisizojulikana, kuwatisha hakutoshi. Kliniki ziweke muuguzi mkubwa kiumri wa kuwauliza wanawake wa miaka 40 na kuendelea kuhusu hedhi, usingizi na ndoa, kama tunavyouliza wajawazito mambo yao bila haya. Kwa aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa ovari zote mbili, mazungumzo hayo ni ya lazima, kwa sababu kwa wengi wao homoni hulinda mifupa na moyo mpaka angalau umri wa kawaida wa kukoma hedhi, na hakuna mzizi uliothibitishwa kufanya hivyo.

Kama ningeombwa kuchagua kitu kimoja cha kuanza nacho katika hospitali za wilaya za Kongwa, Mpwapwa na Kondoa, ningechagua krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Dozi yake ni ndogo, inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, na inatibu ukavu na maumivu ambayo, tofauti na fukuto, hayaishi yenyewe kwa kusubiri. Ndilo tatizo ambalo wanawake wengi hawalisemi kabisa, na ndilo linalowafanya baadhi yao kujiwekea ukeni unga na majani yanayochubua na kuleta maambukizi. Krimu hiyo haihitaji mashine wala mtaalamu bingwa. Inahitaji iagizwe, na muuguzi aseme mbele ya mama kwamba ipo.