Ndoo ya Pili

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeinama mbele ya gari langu jipya katika mtaa tunaokaa hapa Stuttgart, ndoo moja ya sabuni kushoto na nyingine ya kusuuzia kitambaa kulia, mikono ya shati nimeikunja, boneti ndiyo kwanza imelowa, wakati jirani yangu wa ghorofa ya pili aliposhuka na ufagio wake na kunieleza, kwa adabu kubwa isiyokuwa na chembe ya tabasamu, kwamba gari halioshwi barabarani. Maji yenye sabuni, mafuta na masizi ya breki huingia kwenye mtaro wa mvua, na maji ya mtaro huo mara nyingi huishia mtoni bila kusafishwa, ndiyo maana miji mingi ya Ujerumani inakataza jambo hilo. Nilimshukuru. Kisha nikabaki nimesimama na ndoo mbili za maji nisizojua pa kuzimwaga, hadi nilipozipandisha ngazi mpaka ghorofa ya nne na kuyamimina chooni, huku mke wangu akinitazama kama mtu aliyepungukiwa.

Nikaenda kwenye kituo cha kujioshea gari, kule unakotia sarafu na kuhesabiwa dakika. Hapo nikakuta kibao kinachokataza ndoo za kutoka nyumbani. Ipo brashi yao, lakini mtu aliyenitangulia alikuwa ametoka kusugua magurudumu kwa brashi hiyohiyo, kwa hiyo sikuigusa. Nilipiga povu, nikasuuza kwa maji ya kasi, nikaondoka nikinung'unika kwa Kiswahili. Nayaandika haya mapema ili msije mkaniambia kwamba nimekuja kuwasifia Wazungu. Wana kero zao, na siku hiyo nilizimeza zote kabla ya saa sita.

Hata hivyo, nikiwa njiani kurudi, niliona jambo ambalo limenikaa kooni tangu Agosti nilipokuja nyumbani. Sisi watu wa Nairobi tunalinda gari dhidi ya mwizi kwa ustadi ambao sijauona kwingine, ila hatulilindi hata kidogo dhidi ya kitambaa.

Mdogo wangu alinunua gari mwezi wa Februari. Ninaposema jipya sisemi lile jipya letu la kushushwa Mombasa likiwa na miaka saba ya barabara za Japani. Nasema jipya la dukani, jeusi, ambalo yeye ndiye mtu wa kwanza kuliendesha. Wiki hiyohiyo alilipeleka likachorwa namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni, kwenye madirisha na hata kwenye taa, maana kila mmoja wetu anajua kioo kikishang'olewa kinakokwenda na jinsi utakavyouziwa kioo chako mwenyewe. Akafunga kifaa cha kufuatilia gari na king'ora. Yale makaratasi ya plastiki ya viti hakuyatoa, na mwezi wa Agosti nilipoketi ndani yalikuwa yakinata mgongoni mwangu. Basi baada ya ulinzi huo wote, kila Jumamosi huwa analikabidhi gari kwa kijana yeyote mwenye ndoo, kisha anaingia kula nyama choma bila kugeuka nyuma.

Saa kumi na moja jioni, jua lilipoinama, nililizunguka gari hilo taratibu. Boneti nzima ilikuwa na utando wa buibui, maelfu ya mikwaruzo myembamba inayozunguka kila mahali mwanga unapogota. Juu ya paa palikuwa na doa pana kama sahani, na pembeni yake rangi imejikunja kama ngozi iliyoungua. Kazi yake iko Industrial Area, kwa hiyo kila siku hupita chini ya ile migunga ya karibu na Uwanja wa Nyayo ambako marabu, wale ndege wakubwa, wamejipatia makao, na mzigo wa marabu si wa njiwa. Aliuacha siku tatu, kisha akaukwangua kwa gunia. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, na jua la mchana likiipasha rangi moto hadi ikalainika, asidi hiyo huingia ndani. Rangi ikipoa usiku na kunywea, alama inabaki humo. Kilichotakiwa ni kitambaa chenye maji kiwekwe juu ya kinyesi dakika tano hadi kilainike, kisha kiinuliwe bila kusugua.

Rangi ya gari la siku hizi ina tabaka la juu lisilo na rangi yoyote, na kazi yake ni kung'aa na kuikinga rangi iliyo chini. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani mwako huenda ukawa mnene kuliko ngao yote hiyo. Sasa chukua kitambaa kilichoanguka chini mara mbili asubuhi hiyo, kichovye katika ndoo ambayo imekwisha kuosha magari tisa na ambayo chini yake kumetulia udongo mwekundu wa Kiambu, halafu usugue kwa duara kwa nguvu za kijana wa miaka ishirini. Kufanya hivyo ni kupiga msasa, na unalipia. Sabuni ya unga nayo imetengenezwa ili iondoe mafuta kwenye nguo, kwa hiyo kama kulikuwa na nta juu ya rangi, inaondoka nayo palepale. Mwishowe gari linaachwa likauke juani saa saba mchana, tena mara nyingi kwa maji ya kisima, na madini yaliyomo yanabaki juu ya rangi nyeusi kama matone ya chokaa.

Nilipomuuliza mdogo wangu kwa nini hajapaka nta, alinijibu kwa uhakika wa mwalimu mkuu kwamba gari jipya halipakwi nta hadi miezi sita ipite, rangi ipate kupumua. Ushauri huo si wa uongo, ila umehamishwa kutoka mahali pake. Unahusu gari lililopulizwa rangi upya gereji, ambako rangi hukauka polepole na viyeyushi huendelea kutoka kwa wiki kadhaa; hapo mwezi mmoja hadi mitatu ya kusubiri ni busara. Rangi ya kiwandani huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi, kwa hiyo gari linapofika dukani rangi yake imekwisha kukomaa kitambo na unaweza kuipaka nta siku hiyohiyo.

Langu nimelipaka katika karakana ya chini ya jengo letu, jioni mbili mfululizo. Kwanza nilivaa mfuko mwepesi wa nailoni mkononi na kupitisha vidole juu ya rangi iliyokwisha kuoshwa, na rangi niliyodhani ni laini kama kioo ikanikwaruza kama ukoko wa ugali. Ni chembe za chuma za breki na reli zilizojikita humo tangu gari lilipokuwa safarini. Chembe hizo huondolewa kwa udongo maalumu unaofinyangwa kama wa mtoto wa chekechea na kutelezeshwa juu ya maji ya sabuni, na ukiuangusha sakafuni unautupa, hata kama roho inakuuma. Halafu inakuja nta yenyewe. Niliyonunua imechanganywa na ile ya karnauba, ambayo hukwanguliwa kwenye majani ya mtende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, na huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, wakati nta ya nyuki huanza kuyeyuka kwenye 62 hivi. Unachukua kiasi cha punje ya haragwe, unaitandaza juu ya mlango mmoja iwe nyembamba hadi karibu usiione, unangoja iwe na ukungu kama kioo ulichokipulizia pumzi, kisha unaifuta kwa taulo safi la nyuzi laini na kuligeuza upande kila mara. Kesho yake mvua iliponyesha, maji yalijikusanya kama shanga na kuteremka. Sina aibu kusema kwamba nilisimama dirishani nikayatazama.

Najua mtakachosema, nimeshaambiwa katika kikundi cha familia. Kwamba nimekaa Ulaya miaka kumi na moja nikasahau kuwa gari ni chombo cha kunifikisha kazini. Kwamba ninawadharau vijana wanaojitafutia riziki. Kuhusu vijana, mtanisamehe, lakini mimi ndiye ninayewatetea. Sijaona hapa mashine inayoosha gari kwa mtungi mmoja wa lita ishirini likatoka safi hadi kwenye bawaba za milango, na kijana wa Nairobi anafanya hivyo mara kumi kwa siku huku akikupa habari zote za mtaa. Hana kosa. Ndoo moja ndiyo aliyopewa, na hakuna mteja aliyewahi kumwomba ya pili. Mdogo wangu, ambaye angeruka kama moto kama mtu angegusa kioo chake, hajawahi kuuliza kitambaa kimetoka wapi.

Wala msiniambie kwamba Nairobi haijali rangi. Huo ndio mji ambao sheria za 2004 ziliivisha kila matatu mstari wa njano, na bado michoro ikarudi kwa fujo kubwa kuliko mwanzo. Nendeni mkamtazame makanga wa matatu mpya akiwa kwenye foleni ya stejini: kitambaa chake ni kisafi, amekikunja mara nne, kinakaa mfukoni mwake na hakiachii mtu, kwa sababu anajua abiria wanapanda kile kinachong'aa. Ujuzi huo tunao. Tumewaachia watu wa matatu peke yao, sisi wenye mkopo wa benki wa miaka mitano tukabaki na ndoo moja.

Yupo atakayesema kwamba huo ni utajiri wa mtu wa euro. Marehemu baba alikuwa karani, na gari lake la Datsun la buluu lilikuwa la zamani zile ambazo rangi haikuwa na tabaka la juu, kwa hiyo alipolipiga polishi kila mwisho wa mwezi pale Buruburu kitambaa chake kilitoka buluu, nasi watoto tukidhani gari linachujuka kama kitenge. Alitumia fulana kuukuu zilizofuliwa, alikuwa na ndoo ya sabuni na karai la kusuuzia, na alifanya kazi hiyo kivulini kabla jua halijapanda. Hakuwa amefika hata Kampala. Kwa hiyo mnaponiita Mzungu kwa sababu ya ndoo mbili, mnamwita Mzungu baba yangu, na huyo mngemjua msingethubutu. Gharama ya ndoo ya pili, shampuu ya magari na mataulo mawili haifiki hata nusu ya bei ya kioo kimoja cha pembeni. Ile mipako ya kauri ya kuchukua nafasi ya nta, inayotangazwa kila kona ya mji, inaweza kudumu mwaka na zaidi, mwenye pesa na aipake, lakini hata hiyo ukiisugua kwa mchanga itachakaa. Hamwelewi tu, au mnafanya makusudi?

Jana jioni nilimpigia mdogo wangu kumsimulia habari za jirani na ufagio, akacheka hadi akakohoa. Nikamuuliza kuhusu ile ndoo ya pili niliyomnunulia mwenyewe mwezi wa Agosti, nyekundu, yenye kifuniko, ambayo nilimwapisha asiitumie kwa jambo lingine lolote.

"Kaka, iko jikoni," akaniambia. "Maji yalipotea tangu Alhamisi. Mama watoto ameijaza ya kupikia, na hata mimi siruhusiwi kuigusa."

Sikuwa na la kujibu. Nilimuuliza tu gari ameliegesha wapi, naye akasema liko salama kabisa, ndani ya lango, mlinzi yupo macho, chini ya ule mjakaranda mkubwa. Na huu ni mwezi wa Oktoba, mjakaranda unapomwaga maua yake.