Hesabu za era (error) hazimuoni asiye na bando

Jana jioni dogo mmoja hapa Makulu kaniita, "ticha njoo, hii laptop imejaa". Imejaa nini? Nacheki skrini, Java, lugha ya kuandikia programu, imemwandikia "reached end of file while parsing". Kosa lake kasahau bano moja la kufunga, lile la mkunjo, basi. Yeye kaona "end of file" kajua nafasi imeisha, keshafuta muvi mbili! Nilicheka alafu nikaacha, maana mwezi uliopita kuna mwenzake alikaa karibu nusu saa anatafuta kwenye kibodi hiyo "symbol" ambayo Java inasema haijaiona.

Sasa hawa wanaotengeneza kompaila, ile programu inayosoma ulichoandika na kukurushia hizo meseji, haya wanayajua kweli? Kuhesabu wanahesabu. BlueJ, ile programu ya kujifunzia Java, tangu 2013 ina mradi unaitwa Blackbox, unakusanya kodi (yaani maandishi ya programu, sio ya TRA jamani) na makosa ya wanaokubali, watafiti wanachimba humo. Watu wa Go, lugha nyingine ya programu, nao 2023 walileta wazo la kukusanya takwimu za jinsi watu wanavyoitumia, mwanzo walitaka iwe imewashwa tayari na we ndo uhangaike kuizima, watu wakaja juu, ikabidi warudi nyuma, sasa haitumi kitu mpaka ukubali mwenyewe. Mi niko na waliokuja juu. Sisi wenyewe tuna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, na ungeona madogo wanavyoweka namba za simu za watu wa kweli humo kwenye kodi ungeelewa.

Ila ruhusa sio kilio changu kikubwa. Kilio changu ni kinachohesabiwa. Nukta mkato (;) ikisahaulika itakuwa juu kwenye takwimu kila siku, na dogo anairekebisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Ile meseji inayotokea mara moja kwa wiki alafu inamla mtu jioni nzima, kwenye hesabu inaonekana ndogo kabisa. Mtafiti Matthew Jadud aliligusa hili 2006, kipimo chake kinaangalia ulivyokompaili mara mbili mfululizo, kosa likiwa lile lile alama zako zinaharibika. Nakikubali sana, ila nacho hakijui kuhusu muvi zilizofutwa.

Alafu hizo takwimu zinasafiri kwa intaneti. Huku bando la dogo limeishia WhatsApp tangu asubuhi, laptop inakaa wiki haijaona mtandao, kwa hiyo mtu aliyekwama kuliko wote ndo huyo hayupo kwenye hesabu, na wanaohesabiwa ni wale ambao wakikwama wanaenda kuuliza Google wanapona.

Mi nilichofanya nimenunua kaunta buku, nimeiweka mlangoni na kalamu ya kamba (ya kwanza iliibiwa). Safu tatu: meseji, we ulielewa nini, na kosa lenyewe lilikuwa nini. Ya kati ndo utamu. Bano likizidi Java za zamani kidogo zinasema "class, interface, or enum expected", kuna mmoja kaandika "inataka darasa", na kweli alienda juu ya kodi yake akaweka Form Three. Hiyo huipati kwenye takwimu hata ukusanye miaka kumi, inabidi umuulize mtu.

Na inawezekana kabisa kuandika vizuri. Python, lugha nyingine ya programu, kuanzia toleo la 3.10 la 2021 ukisahau kufunga bano inakuonyesha bano lenyewe ulilofungua na inakwambia halijafungwa, zamani mara nyingi ilikuwa inakutupa mstari wa chini na "invalid syntax" yake, unautazama mstari ambao hauna kosa lolote. Tangu kwenye Python tuhamie toleo hilo era hiyo kwenye buku imekauka, hakuna anayeiandika tena.

Dogo wa muvi nilimpa kalamu naye. Safu ya kati kaandika "laptop imejaa", alafu pembeni kwa herufi ndogo, "nani ana Black Panther anirushie".