Elinore Stewart na shamba lisilokuwa na jina lake

Mwaka 1909 Elinore Pruitt, aliyejiita mjane na mwenye binti mmoja mdogo, alikuwa akifua nguo na kusafisha nyumba za watu mjini Denver. Akapata kazi ya kumtunzia nyumba mfugaji mwenye asili ya Kiskoti aliyefiwa na mke, Clyde Stewart, huko Burntfork, Wyoming, karibu kilomita 100 kutoka kwenye reli. Muda si mrefu akaandikisha kipande chake mwenyewe cha ardhi ya serikali, jirani kabisa na cha tajiri wake. Barua alizomwandikia mwalimu mstaafu aliyekuwa amemwajiri Denver zilichapishwa na jarida la Atlantic Monthly, na mwaka 1914 zikatoka kama kitabu. Tangu hapo Wamarekani wengi wakamshika kama mfano wa mwanamke aliyekwenda mpakani, yaani nchi za magharibi zilizokuwa zikianza kukaliwa na walowezi, na kujipatia shamba kwa jasho lake.

Kisha wanahistoria wakaingia kwenye majalada. Wakakuta kwamba mjane huyu hakuwa mjane, bali walikuwa wameachana na mume wa kwanza. Wakakuta kwamba alifunga ndoa na Stewart ndani ya wiki chache tu tangu aandikishe ardhi, jambo ambalo hata yule mwalimu rafiki yake wa Denver alikaa muda mrefu bila kuambiwa. Kubwa kuliko yote, mwaka 1912 aliirudisha ardhi ile serikalini bila kupata hati ya umiliki, na mama mkwe wake akaiandikisha upya. Mama mkwe ndiye aliyeimiliki, na mwishowe ikaishia mikononi mwa Clyde. Wasomaji wa barua zake hawakuambiwa hata neno moja kuhusu kurudishwa kwa ardhi hiyo. Kinyume chake, waliambiwa kwamba asingekubali kuolewa kama mume asingemwahidi kumwacha apambane na mambo ya ardhi yake peke yake.

Kwa hiyo wapo wanaomwita mwongo, na ushahidi wanao. Ila wengi wao wanasoma jalada la ofisi ya ardhi kana kwamba sheria yenyewe ilikuwa mizani ya haki.

Sheria ya makazi ya 1862 ilimpa kila mkuu wa kaya nafasi ya kupata ekari 160, mradi aishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Mwanamke asiye na mume aliruhusiwa, akiwa ametimiza miaka 21. Tatizo lilianza siku ya ndoa. Mume na mke hawakuweza kila mmoja kudai makazi yake kwa wakati mmoja, kwa kuwa kaya ilihesabiwa moja na mkuu wake alikuwa mume. Elinore aliandika mapema kwamba shambani kwake kulikuwa na kichaka cha misonobari kumi na miwili, na kwamba angejenga nyumba yake hapohapo. Haikujengwa hapo. Nyumba yake iliunganishwa na ya Clyde, kila upande ukikaa ndani ya mpaka wake, ili ionekane bado anaishi kwenye ardhi yake. Mkaguzi angeweza kuliona hilo kuwa ujanja. Lakini fikiria mke aliyetakiwa kuchagua kati ya kulala chini ya paa moja na mumewe na kubaki na shamba, wakati mume hakuulizwa swali hilo. Aliporudisha ardhi, aliirudisha ili isipotee nje ya familia. Aliyelipa gharama ya mpango huo ni yeye, maana jina lililofutwa ni lake.

Kuna takwimu inayopendwa sana katika mjadala huu. Mwaka 1976 mtafiti Sheryll Patterson-Black alichapisha matokeo ya kuchambua sampuli za ofisi mbili za ardhi, ya Lamar katika Colorado na ya Douglas katika Wyoming. Wanawake walikuwa karibu asilimia 12 ya walioandikisha. Waliofika mwisho na kupata hati walikuwa zaidi ya asilimia 42 ya wanawake, dhidi ya asilimia 37 ya wanaume. Wanaomtetea Elinore huishika namba hii kwa mikono miwili: mnaona, wanawake waliweza! Waliweza, ndiyo, ingawa ofisi mbili si nchi nzima, na wengine waliandikisha kipande kilichopakana na cha baba au kaka aliyewasaidia kazi. Kinachonishughulisha zaidi ni upande wa pili wa hesabu. Mwanamke kama Elinore angewekwa wapi? Kwa utaratibu huo angeangukia kwenye ile asilimia 58 ya walioshindwa, pamoja na waliokata tamaa majira ya baridi ya kwanza na kupanda treni kurudi kwao. Huyu hakwenda popote. Aliishi Burntfork mpaka karibu na kifo chake mwaka 1933.

Na alifanya nini huko? Msimu mmoja Clyde alikosa vibarua wa kukata nyasi za kulishia mifugo. Elinore alikuwa amejifunza kazi hiyo tangu usichana, akapanda mashine ya kuvutwa na farasi, akakata nyasi zote. Siku hizohizo alikuwa akikamua ng'ombe saba kila siku, akipika usiku, na akahifadhi painti 30 za jeli na jamu nyingine kiasi hichohicho. Mtoto wao wa kwanza wa kiume alipofariki, hapakuwa na daktari wala mchungaji karibu. Clyde alichonga jeneza, yeye akalitandika na kulifunika kwa kitambaa, kisha akachagua sura katika Injili ya Yohana, na majirani wa umbali wa kilomita hamsini wakahudhuria ibada. Anayesema mwanamke huyu hakuwa mlowezi kamili kwa sababu hana hati, anadhani maisha ya mpakani yalisimamishwa na makaratasi.

Neno "ardhi ya serikali" nalo halipaswi kupita hivihivi. Eneo lile lilikuwa la Washoshone, wenyeji wa asili wa huko. Mkataba wa Fort Bridger wa 1868, uliosainiwa si mbali na Burntfork, ndio uliowasukuma Washoshone wa mashariki kwenye eneo walilotengewa la Wind River. Hoja hii ni nzito, lakini haimhusu Elinore zaidi ya inavyomhusu kila aliyeandikisha, na wanaomkosoa kwa uongo wake ni nadra kuigusa.

Sehemu moja tu simtetei. Aliandika kwamba ulowezi ni tiba ya umaskini wa wafua nguo wa mjini: mwanamke anayevumilia upweke na kufanya kazi kwa bidii ileile ya kwenye beseni la kufulia atafanikiwa, atakula ashibe, na mwishowe atakuwa na nyumba yake. Mwaka uleule wa 1909 alipofika Wyoming, Bunge la Marekani lilikuwa limeongeza kiwango hadi ekari 320 katika sehemu kame, kwa sababu 160 hazikutosha kulisha kaya huko. Yeye mwenyewe alikuwa na shamba la mume, mifugo ya mume, na baadaye malipo ya uandishi. Mfua nguo wa Denver aliyeisoma barua ile alistahili kuambiwa hayo kabla ya kukata tiketi.