Inchi moja kwenda chini

Kila nikiweka picha ya Ford Mustang yangu ya 1966 kwenye kundi letu la Waafrika Mashariki tunaoishi huku Ohio, swali la kwanza ni lilelile: "Utaweka V8 lini?" Jibu langu halijabadilika. Siweki injini hiyo ya silinda nane. Fedha niliyonayo ni kidogo, na hiyo kidogo yote inakwenda chini ya gari, kwenye bushi, springi, shokomzoba na matairi, kwa sababu ninachotaka ni gari linaloshika kona.

Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa nawaona vijana wanaumia. Mtu ananunua gari la zamani la Kimarekani, anakusanya ovataimu za ghalani mwaka mzima, kisha anazimwaga zote kwenye injini. Siku anapoingia kona ya kwanza ya maana, gari linalala upande kama jahazi lililokumbwa na dhoruba, matairi ya mbele yanalia, na usukani umegeuka lakini pua ya gari haijageuka. Tangu siku hiyo gari linakuwa la kwenda moja kwa moja na la kupigia picha. Inasikitisha, maana uwezo wa kukata kona lilikuwa nao, na dawa yake imejulikana tangu 1965.

Mustang ilitoka Aprili 1964 ikiwa imejengwa juu ya mifupa ya Ford Falcon, gari la familia la bei nafuu. Ililainishwa ili imfurahishe mteja anayekwenda kazini na sokoni. Kasoro yake kubwa iko mbele, kwenye mkono wa juu unaoshikilia gurudumu. Gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje ndilo linalobeba karibu mzigo wote, na kwa jinsi mkono ule ulivyofungwa kiwandani, gurudumu hilo huinamia nje. Tairi linasimama kwa ukingo wake badala ya kukanyaga kwa unyayo mzima. Hapo hata ukiwa na farasi mia nne kwenye injini hazikusaidii kitu.

Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, alipiga hesabu akaona kwamba ukishusha matundu ya mkono wa juu kwa inchi moja tu, gurudumu la nje linakanyaga vizuri zaidi gari linapolala. Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mashindano, akaichukua hesabu hiyo akaitia kwenye GT350 ya 1965, Mustang aliyoiunda upya kwa mbio. Februari mwaka huohuo dereva wake Ken Miles akalipa gari hilo ushindi wake wa kwanza kule Green Valley, Texas, na msimu ulipoisha lilikuwa bingwa wa taifa katika daraja lake. Lakini ndani ya 1966 kazi ya kushusha mikono ikaachwa ili kupunguza gharama. Yaani matundu manne, mawili kila upande, yalionekana ni mzigo kwa kiwanda. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya Jumamosi mbili na gharama ya keekee ya kukodi.

Niieleze vizuri kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye hatari. Springi ya mbele ya Mustang hizi imekaa juu ya mkono wa juu, imebanwa ndani ya mnara wa bati. Ikichomoka inaua. Usiitoe kwa jeki na imani. Mimi niliazima kibanio chake kwa mzee jirani aliyewahi kuwa na Falcon, na siku ya kwanza alikaa pembeni yangu hadi springi zote mbili zikalala sakafuni salama. Kisha nilisugua ule mnara kwa brashi ya waya nikautazama kwa tochi, sehemu kwa sehemu, nikitafuta kutu na nyufa. Ukikuta ufa, chomelea kwanza, vinginevyo unatoboa bati lililokwisha kufa. Nikafunga bapa la chuma lenye vipimo kwenye matundu ya zamani, nikapima mara tatu, nikaanza na keekee nyembamba, tone la mafuta, taratibu, kisha nikapanua. Nikapiga tupa kingo za matundu mapya na kupaka rangi palipobaki chuma kitupu. Mkono uliporudi mahali pake, pua ya gari ilishuka kidogo yenyewe, bila kukata springi.

Halafu likaja suala la alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, na hapa nina lalamiko. Gereji moja ya hapa mjini ililipokea gari, nikawapa karatasi yenye vipimo ninavyotaka, wakaniitikia, kisha wakarudisha vipimo vya kitabu cha 1966. Vile viliwekwa kwa ajili ya matairi ya zama zile, yaliyofumwa kwa nyuzi za mshazari. Matairi ya rediali ya leo yanataka mengine. Gurudumu lilalie ndani nusu digrii hadi digrii moja, na ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe iongezwe hadi digrii mbili au tatu. Nililipia kitu nisichokiagiza.

Basi nikajifunza mwenyewe. Kwenye Mustang za 1965 na 1966 pembe hizi zote mbili hurekebishwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa kati ya mkono wa juu na mnara, vya bei ya senti. Nikatafuta sakafu iliyo sawa, nikaning'iniza timazi mbele ya gurudumu na kupima nafasi ya juu na ya chini ya rimu. Kwa rimu ya inchi 14, digrii moja ni kama milimita sita. Kisha nikavuta uzi kila upande wa gari ili kusawazisha magurudumu ya mbele, na kuyaacha yakitazama ndani milimita tatu kwa jumla. Ilinichukua jioni nzima. Kesho yake usukani ulirudi wenyewe baada ya kona, jambo ambalo gari hili halijawahi kunifanyia tangu nilinunue.

Mengine nayataja kwa kifupi. Stebilaiza ya mbele, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, ya unene wa inchi moja, kama ya GT350. Shokomzoba mpya. Bushi zote. Na chuma kimoja kinachounganisha minara ya springi na ukuta wa injini, ambacho Ford walikifunga kwenye Mustang za kuuzwa nje, kwenye nchi zenye barabara mbovu. Nilipolisoma hilo nilifurahi kweli: kumbe gari la kwenda kwetu lilitoka kiwandani likiwa gumu zaidi kuliko la mteja wa Marekani!

Matairi usinunue kwa macho. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililokwisha kukauka ni la kutupa.

Na kabla ya yote haya, breki. Mustang ya 1966 ina masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya chumba kimoja, kwa hiyo bomba moja likipasuka unabaki bila breki hata gurudumu moja. Ya vyumba viwili ilianza 1967. Dola zangu za kwanza zilikwenda hapo, na zako ziende hapohapo.

Wapo wanaosema nikate minara yote niweke mfumo mpya wa mbele. Mfumo huo unafanya kazi, sibishi, lakini unakula maelfu ya dola, na mtu anayetuma karo nyumbani kila muhula hana maelfu ya kukatia bati zima. Kuhusu injini, silinda sita zangu za lita 3.3 ni nyepesi kuliko V8, na uzito huo umepungua puani, palepale ninapoutaka upungue. Wazee wetu walishaliona jambo hili barabarani. Mwaka 1964 zililetwa Mercury Comet za V8, ndugu wa damu wa Falcon, kushindana kwenye mbio za magari za East African Safari. Zilizomaliza ni mbili. Aliyeshinda ni Peter Hughes na Ford Cortina GT, silinda nne, lita 1.5.

Jumapili iliyopita nililipeleka gari kwenye mashindano ya kuzunguka koni kwa kupimwa muda, kwenye uwanja wa kuegesha magari, kila koni unayoangusha unaongezewa sekunde mbili. Sikuangusha hata moja. Kwenye kona ya mwisho, ile inayojikunja, nilihisi tairi la nje limekanyaga kwa unyayo mzima, nikakanyaga mafuta mapema kuliko nilivyowahi kuthubutu.

Bapa la kupimia matundu limetundikwa ukutani kwangu. Ni la 1965 na 1966 tu. Za 1967 hadi 1970 zina vipimo vyake. Aliye karibu na analihitaji aje alichukue, na kibanio cha springi tutamwomba mzee pamoja.