Nani Apewe Mtoto wa Mbwa?

Mfugaji wa kuku wa nyama hujua tangu siku ya kwanza kila kifaranga kitaishia wapi, na mnunuzi akishalipa hakuna anayeulizana na mwenzake. Anayezalisha mbwa hana utulivu huo. Mtoto wa mbwa wa aina ya German Shepherd anayeuzwa leo Nairobi au Dar es Salaam huenda akaishi miaka 10 au zaidi katika ua ambao aliyemzalisha hatauona, mikononi mwa watu ambao hajawahi kuzungumza nao. Ndiyo maana wazalishaji hubishana bila kukoma: je, muuzaji ana haki, au hata wajibu, wa kumchuja mnunuzi, au pesa zikishaingia kwenye simu mambo yamekwisha?

Uchungu wa kuachana na watoto hao una chanzo kinachoeleweka. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na aina hii ya mbwa mara nyingi huzaa watoto wapatao 8 kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni wote hufanana, hivyo mzalishaji makini huwafunga nyuzi za rangi shingoni ili ajue nani ameongeza uzito na nani anasukumwa pembeni wakati wa kunyonya. Kufikia wiki ya 5 nyuzi hazihitajiki tena, kwa kuwa anayekimbilia mlango kila funguo zinapolia anajulikana, na anayejificha nyuma ya sufuria anajulikana pia. Isitoshe, kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza kwamba watoto, pikipiki na wageni si hatari. Kwa kuwa kwa kawaida hukabidhiwa akiwa na wiki 8, sehemu kubwa ya malezi hayo huachiwa mtu mwingine. Hofu ya mzalishaji basi haiishii kwenye njaa na kipigo. Anajua kuwa mbwa aliyemlea awe mpole anaweza kufungiwa peke yake, akageuka mwoga anayeng'ata, kisha lawama zote zikatupiwa asili yake.

Wanaotetea mchujo hutaka mnunuzi aje mwenyewe, amwone mama wa watoto hao, aeleze nani hubaki nyumbani mchana, na aonyeshe kwamba anajua chanjo ya kichaa cha mbwa itachomwa lini. Hoja yao hupata nguvu kila anapotokea mwendesha bodaboda mwenye katoni tupu ya mafuta ya kupikia na kusema, "Bosi amenituma, ameshalipa kwa M-Pesa." Hapo mtu anajiuliza anamkabidhi nani. Huko England, sheria iliyopewa jina la Lucy's Law imezuia tangu Aprili 2020 maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa na paka walio chini ya miezi 6, kwa hiyo anayemtaka lazima amfuate mzalishaji au kituo cha kuokoa wanyama. Kwetu, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 zinatambua ukatili kuwa kosa, lakini ukatili unaotendeka nyuma ya geti lililofungwa hauna shahidi anayeweza kusema. Kwa watetezi hawa, fursa pekee ya kumlinda mbwa ni kabla hajatoka nje ya geti la mzalishaji.

Upande wa pili nao hauzungumzi upuuzi. Mnunuzi aliyekuja na pesa zake haoni kwa nini ahojiwe kama mtu aliyekwenda kuposa. La kuudhi zaidi ni kwamba mchujo, ukitazamwa kwa karibu, mara nyingi ni kipimo cha mali kilichovishwa joho la huruma: aliyepanga nyumba huondolewa, fundi aliyeweka akiba kwa muda mrefu hutiliwa shaka, naye mwenye gari kubwa haulizwi hata swali moja. Wapinzani wa mchujo huongeza kwamba bei yenyewe inatosha kumwondoa asiye na nia, na kwamba mzalishaji aliyepokea pesa hana uso wa kudai sauti katika nyumba ya mwenzake.

Katika lawama hiyo ya ubaguzi nawaunga mkono, ingawa hitimisho lao silikubali. Katika nyumba nyingi za mitaa ya kitajiri ya Nairobi kama Karen na Runda mbwa hununuliwa kwa ajili ya ulinzi. Hufungiwa bandani alfajiri, hufunguliwa usiku, na anayempelekea ugali ni askari wa lindo, ambaye kampuni yake inaweza kumhamisha wiki yoyote. Aliyelipa na kuahidi kila kitu huenda asimguse mbwa huyo kwa miezi. Wakati huohuo, katika ua mdogo wenye watoto watatu, mbwa wa bei ileile huwa na wenzake kutwa nzima. Ukuta mrefu humwambia mzalishaji mambo machache sana, na dakika chache za kuzungumza na yule atakayebeba sahani ya chakula zina faida kuliko kukagua geti. Ni wazalishaji wachache wanaoomba kuzungumza na mtu huyo, labda kwa sababu siye anayelipa.

Kinachovuruga nia njema zaidi ni muda. Wengi humtaka mtoto wa wiki 8 aliye kama mpira wa manyoya. Akifika miezi 4, masikio yamekuwa makubwa kuliko kichwa, anakula kwa fujo, na wanaopiga simu wamepungua. Mzalishaji aliyewakataa watu watatu mwezi wa kwanza humkubali wa nne bila kumuuliza lolote, tena kwa bei ya kutupa. Wapo pia wanaoshindwa kabisa kuachana na watoto hao, wakabaki nao watano au sita katika banda moja wakisema hakuna aliyefaa. Huruma hiyo naitilia shaka, kwa maana mbwa hao hupitisha zile wiki za kujifunza bila kuona mtaa wala mgeni, na mama wa nyumba aliyekataliwa angewatunza vizuri zaidi.

Baada ya mauzo hubaki simu. Wiki za mwanzo picha huja kila siku, kisha mara moja moja, halafu ujumbe wa kuuliza hali husomwa, alama mbili za buluu zikaonekana, na jibu lisije. Mnunuzi huenda ana shughuli zake tu, na hana deni la kuripoti. Kwa hiyo ahadi ninayoiona kuwa na uzito ni ile inayotolewa na mzalishaji mwenyewe: kwamba mbwa akishindikana, iwe ni kwa kuhama, ugonjwa au kufukuzwa kazi, atapokewa alikotoka, hata akiwa na miaka 6, bila kugombana juu ya pesa. Mnunuzi anayejua hivyo hana sababu ya kumtelekeza mbwa barabarani au kuliongezea mzigo KSPCA, shirika la Kenya la kulinda na kutunza wanyama, ambalo tayari hupokea mbwa na paka waliokosa wenyewe jijini Nairobi.

Ahadi hiyo ina gharama, na wanaozalisha kwa wingi huikwepa kwa sababu ya hesabu. Mwenye majike manne wanaozaa kila mwaka hana nafasi ya kumrudisha hata mmoja. Mwenye jike mmoja anaweza, hasa akiandika majina ya wanaotaka na kuzungumza nao kabla dume hajaletwa. Jike huingia joto takriban kila miezi 6, na majina yakiwa mawili tu, msimu huo unaweza kupita bila kumpandisha.